Kasoro: Hapana, Mimi ni wa Mbuba

Nyinyi watoto wa simu za kupangusa, mnaoniamkia "shikamoo Bi Zubeda" huku macho yakiwa kwenye kioo, marahaba. Leo naomba dakika chache za macho hayo. Nimestaafu kufundisha. Goti la kushoto lilistaafu kabla yangu, lakini mdomo bado uko kazini, na mdomo huo ndio chanzo cha kisa ninachotaka kuwapa.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa nini. Nilifundisha sheria za biashara katika Uislamu: nini kinauzwa na nini hakiuzwi, mnunuzi ana haki gani, muuzaji analazimika kusema nini. Nilianza na ubao na chaki kwenye vibaraza vya misikiti midogo ya Ngara na Biharamulo, nikamaliza kwa kurekodi sauti na kuituma kwenye kundi la simu. Katikati ya hapo nilipanda pikipiki nyingi, na mara mbili pikipiki ndizo zilizonipanda mimi.

Waislamu huku kwetu hatuko wengi, kwa hiyo nusu ya akina mama darasani walikuwa watu wa misa. Mama Skolastika, mkulima wa Kasulo, aliniuliza siku ya kwanza kwa adabu kabisa, "Mwarimu, na sisi tusio Waisiramu tunaruhusiwa kutodanganya?" Nikamwambia anaruhusiwa sana. Wiki iliyofuata akaja na wenzake watatu na ndizi za kuchoma, na tangu hapo hakukosa darasa.

Aliyenifundisha mimi ni Maalim Sudi wa Biharamulo, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyekuwa akiuza mahindi asubuhi na kufundisha jioni. Siku tulipofika kwenye gharari, yaani kuuza kitu kisichojulikana, hakufungua kitabu. Alileta furushi lililofungwa kwa kanga akaniuliza, "Zubeda, unalinunua kwa chakula chako cha mchana?" Nilikuwa na mihogo miwili na kipande cha samaki. Furushi lilikuwa kubwa, na tamaa yangu haikuwa ndogo. Nikampa. Akala samaki wangu mbele yangu, polepole, akitoa miiba mmoja mmoja, akamshukuru Mungu. Nilipofungua furushi nikakuta magunzi ya mahindi. Darasa zima lilicheka, mimi nikalia kwa hasira.

"Hiyo hasira," akasema akijifuta mdomo, "ndiyo gharari. Usimtie mtu mwingine humo." Kesho yake aliniletea samaki mzima, lakini lile somo la magunzi mpaka leo nalisikia tumboni.

Sasa angalieni ujinga wa ujana. Nilipoanza kufundisha mwenyewe nikamsahau Maalim na furushi lake. Nikajaza ubao maneno mazito ya Kiarabu, nikayasoma kwa mikogo, shingo imenyooka. Akina mama wakasinzia mmoja baada ya mwingine. Mmoja alizinduka katikati ya somo, akadhani nimemaliza dua, akasema "Amina" kwa nguvu na kuchukua jembe lake aondoke. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikatafuta kanga na magunzi, nikafunga furushi, nikamuuzia Mama Skolastika kwa ndizi zake za kuchoma. Nusura anipige, lakini hakuna aliyesinzia tena.

Simu zilipoingia vijijini mambo yakabadilika. Mtu yuko Mbuba, mnunuzi yuko Nyamigogo, kati yao milima na vumbi, na hawajawahi kuonana. Wengi waliniuliza kama sheria nayo imebadilika. Haikubadilika. Usiuze usichonacho. Sema kipimo. Sema ubovu. Na mnunuzi akifika akakuta sicho ulichosema, ana hiari ya kukiacha, na wewe usimnunie. Kilichobadilika ni kwamba sasa uongo ulikuwa rahisi, tena una picha nzuri.

Dada mmoja alitangaza mbuzi wake kwa picha aliyoiokota mtandaoni. Mbuzi wa pichani alikuwa mweupe, masikio yamening'inia hadi kidevuni, amesimama kwenye majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Mnunuzi alifika akaonyeshwa kambuzi kadogo ka kahawia, kanatafuna kandambili. "Ni huyu huyu," dada akasema bila kupepesa macho, "amekonda kwa safari." Mbuzi hakuwa amesafiri kokote. Nilicheka hadi mbavu zikauma, halafu nikamkemea hadi akalia, halafu nikamfundisha kupiga picha.

Na nyinyi pia jifunzeni, maana picha zenu nyingi ni za kujipendeza. Piga picha ya bidhaa asubuhi, kivulini, kwa sababu jua kali hung'arisha hata maharage ya mwaka juzi. Weka kiberiti kando yake, mnunuzi ajue ukubwa, maana hakuna nyumba huku isiyojua ukubwa wa kiberiti. Pima kwa mizani, na usinitajie lumbesa, lile gunia linalovishwa kilemba cha nafaka juu. Na kabla hujaandika neno lolote, mimina gunia lote chini, kwenye turubai, hadi punje ya mwisho. Mnakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Kwenye simu mnunuzi hana mkono wa kuingiza. Mkono wake ni wewe.

Hayo niliyasema mara nyingi sana, na ndiyo maana kisa cha Hamida kiliniuma kabla hakijanifurahisha.

Hamida alikuwa binti wa Mzee Sadiki, muuza maharage wa siku nyingi pale Mbuba. Ana miaka ishirini na kidogo, mwepesi wa kucheka, mzito wa kukata tamaa. Kwa miaka alikaa nyuma ya debe la baba yake sokoni, akijaza na kumimina, akijaza na kumimina. Alitaka jambo moja tu: baba yake amruhusu auze kwa simu. Mzee Sadiki hakutaka kusikia. Alisema mtu anayemuuzia mwenzake kitu asichokishika ni tapeli tu, awe na tasbihi, awe na rozari. Hamida akabembeleza msimu mzima. Mwishowe baba akampa gunia moja la maharage ya njano kutoka ghalani kwake, limeshonwa tayari, akamwekea sharti mbele yangu.

"Gunia moja," alisema akinyoosha kidole. "Rikiuzika kwa heshima, endelea. Rikiniretea aibu, simu inakwenda mnadani, na wewe unarudi kwenye debe. Mwarimu, wewe ni shahidi."

Nikasema mimi ni shahidi. Laiti ningejua kwamba aibu itatoka kinywani mwangu.

Alhamisi ya wiki hiyo, baada ya alasiri, nilirekodi sauti kwa kundi zima. Nilitaka kila tangazo liwe na mistari minne, hata mnunuzi wa mbali asipotee: bidhaa, kipimo, kasoro, mahali. Bei hatukuiandika. Waliipatana wenyewe wakishaulizana. Niliona nimesema vizuri sana, nikajisikiliza mara moja na kujipongeza.

Sasa niwaambie ukweli ambao wanafunzi wangu walikuwa wanaujua na mimi sikuujua. Kalamu yangu inajua tofauti ya l na r. Ulimi wangu haujui. Mimi ni Mhangaza, na nikiongea haraka, "mahali" linatoka "mahari". Tena huku kwetu wengi wetu Kasulo tunaiita Kasuro. Basi mtu akinisikia nasema "kasoro" harakaharaka, kwenye simu yenye spika iliyoingia vumbi, anasikia nini? Hamida alisikia Mwalimu anauliza: je, wewe ni wa Kasulo? Na mahari yako je? Alishangaa kidogo, aliniambia baadaye, lakini alidhani ni katika mambo ya sheria, maana mimi nilikuwa nimewazoesha maswali ya ajabu. Akajibu kila mstari kwa utiifu, akiandika maneno kama alivyoyasikia. Ijumaa, watu wametoka msikitini, tangazo likaingia kwenye kundi la Ngara na Biharamulo nzima:

Bidhaa: maharage ya njano, gunia moja.
Kipimo: kilo mia, nimepima kwa mizani ya kuazima.
Kasoro: hapana, mimi ni wa Mbuba.
Mahari: bado, aulizwe baba.

Chini yake picha ya gunia, na Hamida mwenyewe amesimama kando, ametabasamu.

Simu yangu ilianza kutetemeka mezani. Mmoja aliandika: "Kilo mia! Dada umebarikiwa." Mwingine: "Baba anapatikana saa ngapi?" Mama Skolastika alijibu kwa niaba ya kata nzima: "Sisi wa Kasulo tumekosa nini?" Mimi nilikuwa nacheka peke yangu jikoni, sijui kosa ni la nani, hadi nilipofikia mstari wa tatu mara ya pili. Kicheko kikakauka.

Kwa Mzee Sadiki habari zilifika kwa njia mbaya zaidi. Wenzake sokoni walimsimamisha. "Sadiki, tunasikia binti umemtangaza kwa kilo." Jumamosi asubuhi nikaitwa Mbuba.

Nilimkuta uani, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Hamida ameketi mkekani, simu mapajani, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayeaga. Nilitoa salamu. Mzee alijibu kwa sababu ni wajibu kujibu.

"Mwarimu," alisema, "nimekupa mwanangu umfundishe harari na haramu. Wewe umemfundisha kujitangazia mahari kwenye simu?"

Nikaomba Hamida anisikilizishe ile sauti. Akabonyeza. Nikajisikia kwa masikio yangu mwenyewe, sauti ya majivuno, ikisema waziwazi "kasoro na mahari." Wanangu, kufundisha miaka yote ile na kugundua mbele ya watu kwamba hujawahi kusema neno "mahali" hata mara moja! Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Mzee Sadiki, kosa ni la ulimi wangu. Binti hana hatia." Kisha nikamgeukia Hamida, nikajikaza, nikatamka herufi kwa herufi. "Mstari wa mwisho ni maha-li. Pa kuchukulia mzigo. Na wa tatu ni kasoro, mwanangu. Ubovu. Maharage yana ubovu gani."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliangalia picha kwenye simu, akaangalia mlango wa ghala.

"Ubovu," alisema polepole. "Mimi nilipiga picha ya juu tu. Lilikuwa limeshonwa."

Akainuka akaenda ghalani. "Unakwenda wapi, nami naongea?" baba akauliza. Hakugeuka, na Mzee Sadiki, badala ya kumfokea, akaanza kukwangua udongo kwenye kiatu chake. Nililiona hilo lakini sikulielewa.

Dakika hiyo hiyo pikipiki ikasimama nje, akaingia mwanamume mnene mwenye kofia ya pama na gunia tupu kwapani. Alivua kofia, akatuamkia vizuri. Baadaye tulimjua: ni Petro, wa Nyamigogo, mke wake ana hoteli ya chakula cha mchana na maharage yanamwishia kila wiki.

Lakini alianza kujitambulisha kwa mwisho badala ya mwanzo. Alisema, "Mzee, nimetoka Nyamigogo alfajiri. Nimeona tangazo. Nimekuja kuulizia mahari."

Mzee Sadiki aliinua kichwa taratibu.

"Una mke?" akauliza.

"Ninaye, mzee. Ndiye aliyenituma."

"Amekutuma!"

"Sana. Amesema nisirudi bila mzigo."

"Mwanangu unamwita mzigo?" Mzee alikuwa ameshasimama, kofia imerudi nyuma. "Mwarimu, unasikia? Anamwita mzigo!"

Petro alinitazama, akamtazama mzee, akalitazama gunia lake tupu. "Jamani, mimi ni Mkatoliki," alisema kwa hofu. "Nimefuata maharage. Pale bei haikuandikwa, nikadhani nyinyi wa Mbuba bei mnaiita mahari."

Nilicheka hadi nikashika goti. Hata Mzee Sadiki mdomo ulimcheza upande mmoja. Petro akaelezwa, akacheka kuliko sote, akapewa kigoda na maji ya kunywa, na kwa muda mfupi uani pakawa pazuri. Nikajisemea, Alhamdulillahi, yameisha, gunia linauzika kwa heshima, simu imepona.

Ndipo nikamwona Hamida mlangoni mwa ghala. Alikuwa ameshika ungo. Alikuwa amelifungua gunia na kulimimina lote, kama nilivyofundisha mara zote zile, ila kwa kuchelewa siku moja. Nusu ya juu ilikuwa ya msimu huu. Kwenye ungo alileta nusu ya chini: maharage ya zamani, yamefifia rangi, mengine yana matundu ya wadudu. Alimtazama baba yake. Sasa nikaelewa kiatu. Mkono ulioshindilia gunia lile tuliujua sote watatu.

Fikirieni alipokuwa amesimama. Petro hajui kitu, anacheka, pesa iko mfukoni. Akirudi ndani na ungo wake, gunia linaondoka, sharti limetimia, simu ni yake. Akiuleta ungo, anamwaibisha baba mbele ya mgeni, na sharti la baba lilikuwa neno moja tu: aibu. Nitawaambia lile ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Kwa kitambo kile mimi, mwalimu wa kanga na magunzi, nilitamani arudi ndani. Nilimpenda binti yule, nilitaka apate simu yake. Nilijionea aibu papo hapo, na bado nikaendelea kutamani.

Hamida hakurudi ndani. Alikuja akapiga goti, akauweka ungo mbele ya Petro.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo kasoro," alisema, na r yake ilisikika safi kabisa. "Nusu ya chini iko hivi. Niliandika kabla sijamimina, kosa ni langu. Una hiari. Chukua ya juu peke yake, au yote kwa bei ya chini, au uache, na nauli yako hatutaisahau."

Hakusema nani alishindilia. Petro akachukua punje moja, akaiuma, akaitema. "Hizi zingenimalizia kuni," alisema. Kisha akageuza macho kwa kuku waliokuwa wakiparua, maana naye si mtoto, na aliona jinsi mzee alivyokuwa anatazama chini.

Mzee Sadiki alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Hakukosea yeye," alisema. "Gunia nimerijaza mimi. Ndivyo tunavyojaza sokoni. Ya zamani chini, mapya juu. Tangu nikiwa kijana." Akaitazama simu pale mkekani. "Nikasema wa simu ndio matapeli."

Nililia, wanangu. Sikulia kwa huzuni, nililia kama siku ya Idi. Petro alifanya jambo la kiungwana: hakusema kitu kuhusu hilo. Alisema tu kwamba amenunua magunia mengi maishani, na sehemu ya chini huwa anaikuta nyumbani, mke akishapandisha sauti. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuletewa kwenye ungo, kwa goti. Akachukua yale mapya, yote, akaomba apimiwe. Hamida akakimbia kwa jirani kuazima mizani tena.

Alipokuwa kule, Mzee Sadiki aliiokota simu mkekani. Aliigeuza nyuma na mbele, akapangusa vumbi kwa kanzu yake, akairudisha pale pale.

"Ibaki," aliniambia. "Ira afute ile ya mahari."

Hamida aliifuta, lakini kundi halikufuta. Mpaka leo mtu akikwepa swali kundini, wenzake humjibu, "Kasoro: hapana, mimi ni wa Mbuba." Nilijaribu kubadilisha mistari, nikaweka "ubovu" na "kijiji" ili ulimi wangu usipate pa kujikwaa. Akina mama walikataa kabisa. Mama Skolastika alisema maneno ya kwanza yana mafundisho zaidi. Basi nikafanya nililotaka wauzaji wafanye. Kila nikirekodi somo, nikawa naanza hivi: "Bidhaa ni somo. Kipimo ni dakika tano. Kasoro: mwalimu hatofautishi l na r, asiyeelewa aulize." Hapo maswali yakaongezeka mara dufu, na nikagundua kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa hawanielewi, walikuwa wananiheshimu tu. Vijana, mkiwa walimu, jihadharini na heshima ya namna hiyo.

Petro alirudi kila mwezi. Wa Nyamigogo wengine wakafuata, kwanza kwa udaku, kisha kwa maharage. Mzee Sadiki mwenyewe alianza kuhudhuria darasa, akikaa nyuma kabisa, akijifanya amekuja kumsindikiza binti. Siku ya nne akainua mkono akauliza kama gunia lililoshindiliwa zamani, na mwenye kulinunua hajulikani tena, linatubiwaje. Nilimjibu nilivyofundishwa na Maalim Sudi: tubu, toa sadaka kwa niaba ya mnunuzi, na gunia linalofuata limimine chini. Akaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga.

Sasa nimalizie na siku niliyokula pilau nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu.

Katika wanunuzi wa Nyamigogo alikuwepo kijana mmoja Mwislamu, Twaha, dereva wa pikipiki ya mizigo. Alianza kuja kuchukua maharage ya watu, kisha akawa anakuja hata pasipo na maharage. Mwishowe akaleta wazee wake rasmi. Mimi niliitwa kukaa upande wa binti. Mshenga akajikohoza, akasifu ukoo, akasifu mvua, akafika kwenye jambo lenyewe: wanaomba kuambiwa mahari.

Wote tukamtazama Mzee Sadiki. Aliiweka sawa kofia yake mpya kichwani.

"Zamani kuna tangazo riritoka hapa," alisema, "rikasema mahari aurizwe baba. Ririkuwa na kosa. Mwarimu ametufundisha, mahari ni haki ya mwanamke. Aurizwe mwenyewe."

Nilitazama sakafu ili wasinione macho. Kutoka nyuma ya pazia Hamida akajibu bila kusita, na ilionekana jibu hilo alikuwa nalo muda mrefu. Anataka mizani. Moja, mpya, ya kufika kilo mia, asiazime tena kwa mtu. Wazee wa Nyamigogo walinong'onezana, wakakubali kwa furaha, mshenga akauliza kama kuna lingine.

"Liko moja," sauti ikasema. "Kabla sijakubali, yeye mwenyewe aseme kasoro."

Twaha akainuka, jasho linamtoka, shati limeshikana na mgongo. Mpaka leo hataki kusema kama alisikia vibaya au alifanya makusudi. Alitutazama sote.

"Hapana," alisema. "Mimi ni wa Nyamigogo."

Mzee Sadiki alicheka hadi kofia mpya ikadondoka kwenye sinia la pilau. Kisha akanyanyua mkono kutunyamazisha, akijifuta machozi. "Mpokeeni," alisema. "Hiyo kasoro tunaijua, na ubovu uriobaki Hamida atauona mwenyewe akishammimina."